Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: autofaji, seli shina na kuzeeka

Haya maswali nimeyakusanya kwa ndugu, majirani na wanafunzi, mengi yanarudi kila Ramadhani au Kwaresima ikikaribia maana ndo kipindi watu wanaanza kutumiana zile meseji za "ukifunga masaa kadhaa mwili unajisafisha na unarudi ujana". Kuna ukweli mzuri sana umejificha humo ndani, na kuna uongo pia, na mimi linaniuma ukweli ukipotea, kwa hiyo nimejibu kwa urefu pale panapostahili urefu.

Autofaji ni nini hasa?

Ni seli kujila yenyewe, lakini usiogope, inakula kile kilichochakaa tu. Neno lina asili ya Kigiriki, nusu ya kwanza ni "mwenyewe" na ya pili ni "kula", na aliyelitunga ni Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963, huyu huyu ndo aliyegundua laisosomu miaka ya 1950, yaani kale kafuko ndani ya seli kenye asidi na vimeng'enya vya kusagia vitu, akaja kupata Nobel mwaka 1974.

Inavyofanyika ni hivi. Ndani ya seli unaanza kujengeka utando wa tabaka mbili, unakua kama bakuli, unazingira kitu kibovu, labda protini zilizoshikana mabonge au mitokondria, yaani jenereta ya nishati ya seli, iliyochoka inayovujisha sumu, alafu utando unajifunga unakuwa kifuko kamili, kifuko kinasafiri mpaka kwenye laisosomu vinaungana, mzigo unasagwa. Kinachobaki hakitupwi, amino asidi na mafuta vinarudishwa seli ijengee vitu vipya. Kwa hiyo ukisema ni gari la taka umepatia nusu tu, maana gari la taka linapeleka jaani na safari inaishia hapo, hii inafanana zaidi na fundi anayenunua vyuma chakavu anaviyeyusha anatengeneza jembe.

Ziko aina kuu tatu, hiyo ya vifuko ndo inayozungumzwa zaidi na ndo nitakayoizungumzia hapa.

Nani aligundua inavyofanya kazi?

Yoshinori Ohsumi, Mjapani, na hii stori naipenda sana kwa sababu ilianzia kwenye hamira. Ndio, jamii ile ile ya hamira unayoumulia maandazi. Alianza maabara yake Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1988, akachukua hamira iliyokosa vimeng'enya vya kusagia, akainyima chakula, akaangalia kwenye hadubini, akaona vifuko vimejaa tele ndani vinachezacheza kwa sababu vimeshafika sehemu ya kusagwa lakini hamna cha kuvisaga. Yaani alizuia mlango wa kutokea ili aone nani anaingia. Mwaka 1993 akatoa jeni 15 za kwanza zinazohusika, leo zinajulikana zaidi ya 40 kwa hamira na viumbe wengine, na nyingi tunazo na sisi binadamu zikifanya kazi ile ile. Nobel akapewa mwaka 2016, peke yake.

Na seli shina ni zipi?

Ni seli za akiba. Seli nyingi mwilini zina kazi moja na umri wake, chembe nyekundu ya damu inaishi siku 120 hivi, ngozi ya ndani ya utumbo inabadilika kila siku 3 mpaka 5, sasa lazima kuwe na mahali pa kutoa mpya kila siku. Uboho wa mifupa yako peke yake unatoa chembe nyekundu karibu bilioni 200 kwa siku! Seli shina ndo asili ya zote hizo. Ikigawanyika inaweza kutoa mtoto anayeenda kuwa damu au msuli, na mwingine anayebaki kuwa seli shina kama mama yake, ili akiba isiishe.

Mfano ambao huwa nautumia ni ule wa mahindi ya mbegu. Waliokulia kijijini wanakumbuka, mavuno yakiisha bibi anachagua mahindi mazuri kuliko yote anayafunga anayaning'iniza darini juu ya jiko. Yale hayaliwi hata njaa ikiwa kali vipi. Na kwa nini juu ya jiko? Kwa sababu ya moshi, moshi unafukuza fukusi. Mbegu imekaa kimya haifanyi kazi yoyote, lakini ule ukimya wake unalindwa kila siku jioni moto unapowashwa. Seli shina ndo yale mahindi ya mbegu, na autofaji ndo ule moshi.

Kwani seli iliyolala inahitaji usafi wa nini? Haifanyi kazi, haichafuki.

Swali hili ndo kiini cha mambo yote, na jibu lake ndo lilinifanya mimi niipende hii mada.

Seli inayogawanyika mara kwa mara ina njia rahisi ya kupunguza uchafu, ikigawanyika uchafu unagawanywa kwa wawili, wakigawanyika tena unagawanywa kwa wanne, kila mmoja anabaki na kidogo. Seli shina nyingi, hasa za msuli, za damu na za ubongo, hazigawanyiki hovyo, zinaweza kulala miezi au miaka. Uchafu wake haugawanywi kwa mtu. Protini inayoharibika leo itakuwepo kesho na mwakani kama hakuna anayeitoa. Kwa hiyo ile iliyotulia ndo inayohitaji usafi kuliko inayokimbiakimbia.

Alafu kuna la pili ambalo watu hawalijui. Kwenye seli shina za damu autofaji haiondoi mitokondria mbovu tu, inapunguza hata zile nzima! Kazi yake pale ni kuiacha seli na jenereta chache ili ibaki imetulia. Timu ya Emmanuelle Passegué ilionyesha hili mwaka 2017 kwa panya, walipoizima autofaji kwenye seli shina za damu, mitokondria zikarundikana, seli ikachangamka kupita kiasi, ikaanza kutumia nishati nyingi, na hata alama zinazokaa juu ya DNA za kuiambia jeni hii fungua ile funga zikabadilika, basi seli ikaacha kujitunza ikakimbilia kuzaa chembe nyeupe za aina moja zaidi ya zingine. Yaani ilikosa usingizi. Mtu aliyekosa usingizi mwezi mzima unamjua anavyokuwa.

Kuna ushahidi gani kwamba autofaji ikikosekana seli shina zinakufa?

Upo mwingi, nitaje michache ninayoiona ina uzito.

Mwaka 2011 watafiti wa Oxford waliondoa jeni moja ya autofaji inaitwa Atg7 kwenye mfumo wa damu wa panya, seli shina za damu zikapotea, panya wakapata upungufu mkali wa damu wakafa mapema. Mwaka 2013 timu ya Passegué ikaonyesha kwamba seli shina za damu zikinyimwa chakula zinawasha autofaji haraka sana, anayeziongoza ni protini inaitwa FOXO3A, na zile za panya wazee zinaitegemea ili zisife kabisa.

Kwenye msuli, kazi ya mwaka 2016 ya timu ya Pura Muñoz-Cánoves kule Barcelona ndo naiona nzuri kuliko zote. Walichukua panya wazee sana, miezi 28 na kuendelea, huyo kwa binadamu ni mzee wa kwenye 80. Seli shina za msuli za panya hao zilikuwa zimejaa mabonge ya protini na mitokondria mbovu, autofaji imekwama. Ukiumiza msuli wa panya kijana seli zinaamka zinaukarabati, hawa wazee seli zao zikiitwa haziamki, zimejifunga breki ya moja kwa moja, hazifi na hazigawanyiki. Wakaenda mbele wakaizima autofaji kwa panya vijana, na hao vijana seli zao zikazeeka kabla ya wakati. Alafu wakageuza, wakaiwasha upya kwenye seli za wazee, breki ikaachia, zikarudi kujenga msuli.

Nikisoma lile la mwisho huwa najiambia, kumbe zilikuwa hai muda wote.

Kwa hiyo wazee wote seli zao zimeshachakaa?

Hapana, na hapa nataka usome taratibu. Ile kazi ya 2017 ilipoangalia seli shina za damu za panya wa miezi 24 ilikuta hazifanani. Karibu theluthi moja bado zilikuwa na autofaji kali, na hizo theluthi moja zilikuwa zimetulia, zinatumia nishati kidogo, na ukizipandikiza kwa panya mwingine zinajenga damu vizuri karibu sawa na za kijana. Theluthi mbili nyingine ndo zilizochoka. Ndani ya uboho ule ule wa mzee yule yule! Miaka ni ile ile, tofauti ni nani aliendelea kufagia.

Sikutegemea kitu kama hicho. Sisi tumezoea kuuona uzee kama jua linalozama, linamzamia kila mtu kwa pamoja, kumbe ndani ya mwili mmoja kuna mitaa iliyochoka na mitaa ambayo bado taa zinawaka.

Ubongo nao unazo seli shina?

Unazo kidogo, kwenye sehemu maalum. Timu ya Anne Brunet wa Stanford mwaka 2018 ilikuta kwenye panya kwamba seli shina za ubongo zilizolala huwa zinahifadhi mabonge ya protini ndani ya laisosomu kubwakubwa, na uzeeni laisosomu zinalemewa mzigo haumeng'enywi, seli inashindwa kuamka. Walipoziamsha laisosomu, kwa kunyima chakula au kwa protini inaitwa TFEB ambayo ni kama msimamizi wa laisosomu zote, mabonge yakapungua na seli za wazee zikaweza kuamka tena.

Nani anawasha na kuzima autofaji?

Chakula, kwa lugha fupi. Ndani ya seli kuna kitu kinaitwa mTOR, hicho kinanusa amino asidi na insulini. Ukila kinawaka, kinaiambia seli jenga, kua, na kinaifunga autofaji. Chakula kikipungua mTOR inanyamaza, na mwenzake AMPK anayenusa upungufu wa nishati anaamka, basi usafi unaanza.

Kuna jaribio la Japani la mwaka 2004 linaonyesha umuhimu wake vizuri. Mtoto wa panya akizaliwa kamba ya kitovu ikikatika chakula cha mama kinakoma ghafla na maziwa bado, yale masaa machache autofaji inapanda juu sana ili mtoto ajilishe kutoka ndani. Waliokosa jeni nyingine ya autofaji, Atg5, walizaliwa wanaonekana wazima karibu kabisa, wakafa ndani ya siku moja.

Sasa kufunga je? Ramadhani inafanya seli shina kuwa changa?

Kufunga kunapunguza insulini na kunanyamazisha mTOR, hiyo ni kweli, na kwa panya kunaongeza autofaji bila ubishi. Lakini zile namba za kwenye meseji, kwamba saa ya 16 inaanza na saa ya 24 inakolea, zikatae. Panya ni kamnyama kadogo kanachochoma nishati haraka mno, siku moja bila kula kwake si sawa na siku moja kwako, na hamna kipimo cha hospitali cha kwenda kupimwa autofaji kama unavyopimwa sukari, kwa hiyo anayekupa saa na dakika anatoa kichwani kwake.

Pia kuna utafiti wa MIT ambao ningependa kila anayefunga aujue. Mwaka 2018 walionyesha kwamba panya akifunga masaa 24 seli shina za utumbo zinaongeza uwezo wa kuzaliana, lakini njia iliyotumika pale ilikuwa kuchoma mafuta badala ya sukari, kwa hiyo si kila faida ya kufunga ni autofaji. Alafu mwaka 2024 maabara ile ile ikagundua kwamba wakati ambao seli hizo zinachemka zaidi ni pale panya anapofungulia, anapoanza kula tena. mTOR inarudi kwa nguvu, seli zinagawanyika sana, kidonda cha utumbo kinapona vizuri, ila kama kuna jeni ya kansa iliyoharibika wakati huo huo vivimbe vinaongezeka. Kwa hiyo futari nayo ni sehemu ya habari, mwili haufanyi kazi kwenye njaa tu, unafanya kazi kwenye kupishana kwa njaa na shibe.

Msimamo wangu ni kwamba ukifunga kwa ibada funga kwa ibada, faida ya mwili ikija iache ije. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, mjamzito, mtoto anayekua, mtu wa selimundu, mzee aliyekonda, hawa wasijifungishe kisa autofaji bila kuongea na daktari wao. Mzee akikosa protini anapoteza msuli, na msuli ndo tulikuwa tunajaribu kuuokoa.

Kuna dawa?

Iliyosomwa sana ni rapamaisini. Mwaka 1964 msafara kutoka Kanada ulienda Rapa Nui, kile kisiwa cha mbali cha bahari ya Pasifiki chenye masanamu ya mawe, ukachukua sampuli za udongo, na kwenye udongo ule kukapatikana bakteria anayetengeneza kitu cha kuua fangasi, kikapewa jina la kisiwa. Baadaye ndo ikajulikana kinazima mTOR, na jina mTOR lenyewe limetokana na dawa hiyo, T na O ni "shabaha ya", R ni rapamaisini. Mwaka 2009 panya waliopewa dawa hiyo wakiwa na siku 600, yaani wazee tayari, waliongeza maisha, majike kwa 14% na madume kwa 9%. Mwaka huo huo kazi nyingine ikaonyesha inafufua seli shina za damu za panya wazee.

Lakini dawa hiyo hospitalini kazi yake ni kupooza kinga kwa waliopandikizwa figo. Inaleta vidonda mdomoni, inapandisha mafuta ya damu, kidonda kinachelewa kupona. Usiinunue kwa mtu mtandaoni.

Kuna spemidini pia, inapatikana kwenye soya, uyoga, njegere na kiini cha ngano, mwaka 2009 ilionyeshwa kurefusha maisha ya hamira, nzi na minyoo kwa njia ya autofaji. Kula njegere, ni chakula kizuri hata bila hiyo sababu.

Na mazoezi! Mwaka 2012 timu ya marehemu Beth Levine, mama aliyefanya makubwa kwenye fani hii, ilionyesha panya akikimbia nusu saa tu autofaji inapanda kwenye msuli na moyo. Haya hayana duka.

Nimesikia klorokwini inazuia autofaji, ni kweli? Sisi tumezimeza sana utotoni.

Ni kweli, na wanaokumbuka ule muwasho wa klorokwini watashangaa kwamba leo ni kifaa cha kawaida kwenye maabara za autofaji. Inaingia kwenye laisosomu inapunguza asidi na kuzuia vifuko visiungane nayo, mzigo unafika mlangoni haushuki. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Dozi ya siku 3 kwa ajili ya homa haikukuzeesha, ondoa wasiwasi, ilikuokoa maisha.

Kwa hiyo autofaji nyingi zaidi ni bora zaidi?

Hapana. Panya wenye nusu tu ya jeni ya Beclin 1, ambayo ni mojawapo ya za kuanzisha autofaji, wanapata kansa zaidi, hapo autofaji ni mlinzi. Lakini kansa ikishaota inaweza kuitumia ili iishi kwenye njaa, na aina fulani za kansa ya damu zina seli shina zao za kansa zinazojificha nyuma yake dawa zikija, ndo maana madaktari wamejaribu kuongeza haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, kwenye matibabu ya kansa ili kuizima. Moshi ule ule unaolinda mbegu unaweza kumlinda na mwizi aliyejificha darini.

Vidonge vya seli shina vinavyouzwa WhatsApp?

Seli hai haiwezi kukaa kwenye kidonge miezi, na hata ingeweza, asidi ya tumbo ingeisaga kama inavyosaga nyama. Seli shina ya tofaa au ya mmea wowote haigeuki kuwa uboho wako. Hizo hela zipeleke kwenye samaki na maharage.

Mama yangu ana miaka 72, nimfanyie nini?

Mtembeze. Kama magoti yanaruhusu apande kilima kidogo, abebe vitu vyepesi, asikae kutwa. Apate protini kila mlo, dagaa, maziwa, maharage, yai. Chakula cha usiku kiwe mapema na asile usiku kucha, ule mwanya wa kawaida kutoka chakula cha jioni mpaka chai ya asubuhi unamtosha, hana haja ya kufunga siku nzima kwa ajili ya stori ya mtandaoni. Kama anatumia dawa za sukari au presha usimbadilishie ratiba ya kula bila daktari. Na akikwambia kuwa mwili umechoka usimwambie ndo uzee huo mama, mpeleke akapimwe damu, maana mara nyingi kuna kitu kinachotibika.